Swali la Kikaragosi: Kifo katika Runinga ya Watoto Wadogo

Katika Kiswahili cha siasa, na katika kile cha uhakiki vilevile, kumwita mtu kikaragosi ni kumvunjia heshima. Kikaragosi ni mwenziwe kibaraka: hana lake. Mkono wa mwingine ndio unaomtikisa kichwa, na sauti itokayo kinywani mwake imetungwa mahali pengine. Wahakiki wa riwaya na tamthilia wameitumia dharau hiyo kwa ukarimu. Mhusika anaposimama kuhutubia badala ya kuishi, anapotamka mawazo ya mtunzi wake neno kwa neno kama aliyekaririshwa, husemwa kwamba huyo si mtu bali ni kikaragosi, na hukumu hiyo aghalabu haikatiwi rufani. Hata hivyo neno lenyewe lina nasaba isiyolingana na unyonge huo. Asili yake ni Karagöz, yaani Jicho Jeusi, mhusika mkuu wa michezo ya vivuli ya Waturuki, aliyekuwa mlafi, mjeuri, mwenye ulimi usiochagua wa kumkejeli. Karagöz hakuwa mtiifu kwa mtu. Yamkini ni safarini, baina ya Istanbul na mwambao wa Afrika Mashariki, ambako ujeuri ulimtoka, likabaki umbo lisilo na hiari.

Dharau hii inastahili kupimwa upya, na mizani iliyo bora haipatikani katika tamthilia za watu wazima. Inapatikana katika sanaa ambayo idara za fasihi hazina desturi ya kuisomesha, na ambayo wasomi wengi huipita tu wakiingojea taarifa ya habari: vipindi vya runinga vya kuwaelimisha watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule. Humo kikaragosi ndiye mhusika mkuu. Hufundisha herufi na hesabu, kuosha mikono, kungoja zamu. Na mintarafu ya hayo hakuna utata mkubwa. Utata huanza pale vipindi hivi vinapokabiliana na kifo. Mtu mzima aliye hai, mwenye nyama na damu, mara nyingi hushindwa kumwambia mtoto wa miaka minne kwamba fulani amekufa. Husema amesafiri, amelala, amechukuliwa. Imekuwaje basi kazi hiyo ikapata kufanywa vizuri, zaidi ya mara moja, na kipande cha kitambaa?

Mfano wa awali ni mdogo na ni wa zamani. Robert Kennedy alipigwa risasi tarehe 5 Juni 1968, akafa siku iliyofuata. Fred Rogers, kasisi wa Kipresbiteri ambaye kipindi chake, Mister Rogers' Neighborhood, kilikuwa na miezi michache tu tangu kianze kuonekana Marekani nzima, aliandaa kwa haraka kipindi maalumu kilichorushwa jioni ya tarehe 7 Juni. Kilikusudiwa hasa wazazi. Ndani yake yumo Daniel, chui milia mdogo akaaye katika saa isiyo na akrabu. Kwa ufundi, Daniel ni kikaragosi duni. Ni mfuko wa kitambaa unaovaliwa mkononi. Kinywa chake hakifunguki anaposema. Anamwomba rafiki yake, Lady Aberlin, ambaye ni mtu, apulize puto kisha aiachie hewa itoke. Anataka kujua ile hewa imekwenda wapi. Kisha, bila daraja lolote la kumwandaa msikilizaji, anauliza maana ya neno ambalo watu wazima walikuwa wakilitamka kutwa kucha kwa siku mbili nzima, neno la kumuua mtu mashuhuri kwa kumvizia. Lady Aberlin anasita. Anamjibu kwa ufupi, kwa maneno ya kawaida kabisa, na haongezi hotuba.

Yafaa kuitazama sanaa ya tukio hili kabla ya kuitazama elimu yake. Puto ni sitiari, lakini Daniel hajui kwamba ametunga sitiari. Kwake ni swali la hewa na mpira. Anayeshtuka ni mtazamaji mzima, aliyekwisha kujua mazungumzo yanaelekea wapi. Na hapo pana kejeli ya kidrama iliyo safi kuliko nyingi zinazotolewa mifano darasani. Zaidi ya hayo, mkono ulio ndani ya Daniel ni wa Rogers mwenyewe. Mtu anayelijua jibu amejificha nyuma ya saa ya bandia akautumia mkono wake kuuliza. Mtunzi aliyetaka kumgeuza mhusika kuwa kipaza sauti angefanya kinyume: angempa Daniel jibu. Kumbe kikaragosi bora cha watoto kimefanywa kiwe mjinga kwa makusudi. Mchezeshaji amekikopesha mkono, hakukikopesha ujuzi.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki atasema, na kwa haki, kwamba viumbe wanaosema si wageni kwa watoto wa huku. Akishaitika "Pakawa", mtoto huwa amekubali kwamba sungura ana hila na fisi ana njaa isiyokwisha. Wala ngano hazikuogopa kifo: fisi hupigwa, huchomwa, hutumbukizwa kisimani, na wasikilizaji hucheka. Lakini kifo cha ngano hakina matanga. Fisi aliyekufa leo atakuwa na njaa tena kesho katika ngano nyingine, na hakuna mtoto anayeuliza alifufukaje. Ngano hukifanya kifo kuwa adhabu, au hila, au mlango wa kisa kutokea. Kumlilia aliyekufa ni kazi iliyoachiwa tanzu nyingine, mbolezi na nyimbo za msibani, ambazo watoto walizisikia wakiwa pembeni, bila mtu kuwageukia. Huzuni inayomwelekea mtoto uso kwa uso imekuwa adimu, na si katika Afrika peke yake.

Ilitafutiwa mahali miaka 15 baada ya Daniel, katika kipindi kilicho mashuhuri zaidi, na mahali penyewe palikuwa pametayarishwa na uamuzi wa kifani wa tangu mwanzo. Sesame Street ilianza kuonyeshwa tarehe 10 Novemba 1969. Waasisi wake, Joan Ganz Cooney na Lloyd Morrisett, walitaka kuona kama runinga yaweza kuwaandaa kwa shule watoto wadogo, hasa wa maskini wa mijini; wakawakutanisha wanasaikolojia, watunzi, na mchezesha vikaragosi Jim Henson. Wanasaikolojia walishauri kwamba vikaragosi na watu visichanganywe. Mtoto mdogo, walihofia, atachanganyikiwa akimwona kiumbe wa kubuni akizungumza na muuza duka. Kwa hiyo katika vipindi vya majaribio watu walikaa peke yao barabarani, na vikaragosi vikawa na sehemu zao. Vipindi hivyo vilipoonyeshwa kwa watoto katikati ya mwaka 1969, matokeo yalifadhaisha. Watoto waliwatazama vikaragosi. Kamera iliporudi kwa watu wa barabarani, macho yalihama. Ushauri ukatupwa. Big Bird, ndege wa manjano, na Oscar, mnunaji wa pipa la taka, wakaumbwa ili waishi miongoni mwa watu. Uhakiki wa Kiswahili umebishana sana kuhusu mpaka wa uhalisia na fantasia, hasa tangu Kezilahabi alipotoa Nagona na Mzingile. Inachekesha kidogo kukumbuka kwamba mpaka huo ulipata kuvunjwa na watoto wasiojua kusoma, kwa kugeuza nyuso tu.

Jinsi Big Bird anavyochezeshwa inastahili maelezo, kwa kuwa ndani yake mna nadharia. Ana urefu wa futi 8 na inchi 2. Aliyekuwa ndani yake kwa miongo mingi tangu 1969 ni Caroll Spinney. Mkono wa kulia wa Spinney uliinuliwa juu ya kichwa chake mwenyewe na kuingia katika kichwa cha ndege. Kidole cha mwisho kiliendesha macho. Mkono wa kushoto ulivaa bawa la kushoto, na bawa la kulia likaunganishwa nalo kwa uzi wa kuvulia samaki, ndiyo maana moja likishuka jingine hupanda. Hakuwa na tundu la kuonea nje. Alijifunga kifuani kiruninga kidogo kilichomwonyesha kile kile ambacho kamera ilikiona. Yaani alimwona mhusika wake kama mtazamaji wa nyumbani alivyomwona, kutoka nje na kwa mbali, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ndani kabisa, akitokwa jasho. Mengi yameandikwa kuhusu umbali baina ya mwandishi na mhusika wake. Ni vigumu kuupata mfano ulio halisi kuliko huu.

Muuza duka wa mtaa huo, Bwana Hooper, aliigizwa na Will Lee. Lee alifariki dunia mwezi wa Desemba 1982. Njia nyepesi zilikuwapo: kumweka mwigizaji mwingine, au kusema kwamba mzee amestaafu na kuhamia Florida. Watayarishaji walizikataa zote mbili. Kipindi cha 1839, kilichoandikwa na Norman Stiles, kilionyeshwa tarehe 24 Novemba 1983, siku ya sikukuu ya Kutoa Shukrani, ambapo watoto wengi wa Marekani huwa nyumbani pamoja na wazazi wao.

Big Bird, ambaye ana umri wa miaka sita daima, amewachora rafiki zake wazima na anawagawia picha zao. Kila mmoja anaifurahia yake. Inabaki moja, ya Bwana Hooper. Yuko wapi ampe? Watu wazima wanatazamana. Wanamkumbusha kwamba walikwisha kumwambia: Bwana Hooper amekufa. Ndiyo, anakumbuka, basi atampa atakaporudi. Wanamweleza kwamba aliyekufa harudi. Anataka kujua nani atamtengenezea kinywaji chake cha mbegu, nani atamsimulia hadithi. Anaahidiwa kwamba wengine watazifanya kazi hizo. Lakini haitakuwa kama zamani, anasema. Na hapo sauti yake inaingia hasira. Kwa nini lazima iwe hivi? Jibu analolipata kutoka kwa Gordon si jibu. Ni kwamba iko hivi kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mtu aliyelelewa katika nyumba ya dini, iwe ya msikiti au ya kanisa, ataliona pengo mara moja. Hakuna pepo wala mbingu katika kipindi hiki. Hakuna mapenzi ya Mungu. Hata ugonjwa haukutajwa. Mhakiki mkali aweza kusema kwamba huo ni woga wa taifa lenye imani nyingi, lililohofia kumkera yeyote, na shutuma hiyo haikosi ukweli. Lakini woga ule ulizaa nidhamu ya kifani. Watu wazima wamenyang'anywa misemo yote ya kuliwaza, ile ambayo kila lugha imeiweka tayari kwa siku ya msiba, wakabaki na nyuso zao. Na nyuso hizo hazikuwa za kuigiza tu. Walikuwa wamefanya kazi na Lee kwa miaka mingi, wakamlilia hasa. Kikaragosi hakuweza kulia. Macho yake ni vitu vigumu, hayatoi chozi. Kwa hiyo mtazamaji mdogo anayaona machozi kwa wakubwa, ambao kwa kawaida humficha machozi yao, na anauona mshangao kwa mdogo mwenzake. Majukumu yamepinduliwa: wenye uhai wanalia, asiye na uhai anauliza.

Kuna jambo dogo zaidi, na pengine ndilo kubwa. Miaka yote Big Bird alishindwa kulitamka jina la mzee huyo. Alimwita Looper, au jina jingine la kufanana, na mzee akamsahihisha kwa kero ya kirafiki. Ulikuwa mzaha wao. Katika kipindi hiki, akiwa ameishika ile picha, anamuaga kwa jina lenye makosa. Mwenye kusahihisha hayupo. Anayesahihisha ni Maria, kwa sauti inayokatika. Pengo la kifo limeelezwa hapo bila tamathali yoyote ya kujionyesha. Ni kosa la matamshi limekosa mwenyewe. Mtoto asiyejua kusoma analielewa bila kusaidiwa, na mtu mzima aliyewahi kuisikia kauli ya marehemu kinywani mwa mwingine analielewa zaidi. Kipindi kinamalizika kwa ugeni wa mtoto mchanga, mwisho ambao baadhi watauona mwepesi mno. Ni mwepesi. Picha ilitundikwa karibu na kiota, na ikaendelea kuonekana hapo katika vipindi vya miaka iliyofuata.

Wakati huo Sesame Street ilikuwa imekwisha kusafiri. Ilifika Mexico na Brazil mwaka 1972, Ujerumani mwaka 1973, Kuwait mwaka 1979 kwa Kiarabu kilichokusudiwa nchi nyingi. Kila ilikokwenda ilikutana na swali la nani aruhusiwe kusema nini mbele ya mtoto. Huko Kosovo mwaka 2004 herufi zenyewe zilikuwa mgogoro, maana Waalbania huandika kwa hati ya Kilatini na Waserbia kwa ile ya Kisirili. Ikabidi kipindi cha kufundishia kusoma kiandaliwe bila ya kuonyesha maandishi, watoto wakitamka majina ya vitu vinavyoonekana pichani. Lakini swali hilo halikuwa zito popote kama lilivyokuwa kusini mwa Afrika, na uzito wake haueleweki mpaka ikumbukwe jinsi lugha zenyewe zilivyokuwa zikijificha.

Kiswahili kilijificha pia. Miaka ya 1980 na 1990 ilizaa msamiati mzima wa kukwepa kuutaja UKIMWI: mdudu, ngoma, miwaya, au "ugonjwa huu" basi. Nchini Kenya UKIMWI ulitangazwa kuwa janga la kitaifa na Rais Moi mwezi wa Novemba 1999, wakati ambapo mayatima walikuwa wamekwisha kujaa nyumbani mwa nyanya zao. Vikaragosi vilikuwa vimetangulia. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vikundi vya wachezesha vikaragosi vilizunguka sokoni na shuleni humu nchini vikizungumzia ngono, kondomu na mauti kwa namna ambayo mwigizaji wa kawaida, mbele ya wakwe na wazee, angezomewa. Anayetamka ni kitambaa; nani wa kumlaumu? Ni ule msamaha wa zamani wa Karagöz, umerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini hadhira ile ilikuwa ya wakubwa na silaha yake ilikuwa kicheko. Mtoto wa miaka mitano aliyefiwa na mama anahitaji kitu kisicho kicheko.

Takalani Sesame ilianza Afrika Kusini mwaka 2000, ikitumia lugha kadhaa za nchi hiyo, kwenye runinga na redioni pia. (Kikaragosi cha redioni ni jambo la kutafakariwa peke yake: kikaragosi kisicho na mwili, kilichobaki sauti, yaani kimerudi kuwa ngano.) Jina lake ni la Kivenda, lenye maana ya kufurahi. Mwezi wa Septemba 2002 aliingizwa mhusika mpya, Kami, msichana wa miaka mitano mwenye manyoya ya manjano iliyokolea, jina lake likitokana na neno la Kitswana la kupokea na kukubali. Kami ni yatima. Mama yake alikufa kwa UKIMWI. Yeye mwenyewe ana virusi. Huo ulikuwa wakati ambapo Rais Thabo Mbeki alikuwa ametilia shaka hadharani chanzo cha ugonjwa, na miezi miwili tu tangu Mahakama ya Katiba iiamuru serikali iwapatie wajawazito dawa ya kuwakinga watoto wao. Habari za Kami zilipotangazwa Julai mwaka huo, kabla hata hajaonekana, baadhi ya wabunge wa Marekani waliliandikia shirika la runinga la umma la kwao kueleza wasiwasi wao, wakihofia kwamba ataletwa Sesame Street. Hakupelekwa. Ndege aliyefiwa alikubalika. Mtoto mwenye virusi, ingawa ni wa manyoya, alivuka mpaka.

Kwa jicho la uhakiki, Kami ana kasoro, na heshima haidai zifichwe. Kasoro ya kwanza iko katika msuko wa maisha yake. Imeelezwa kwamba aliambukizwa kwa damu aliyoongezewa akiwa mchanga. Watoto walio wengi wenye virusi katika nchi ile waliambukizwa na mama zao, katika mimba, katika kuzaliwa au katika kunyonya. Na mama yake Kami anasemwa kufa kwa ugonjwa uo huo. Mantiki ya kisa inayumba hapo, na sababu ya kuyumba si ngumu kuikisia: damu ya hospitali haina aibu, haimgusi mama wala kitanda. Watunzi walitaka mtoto asiye na hatia, kana kwamba kuna mtoto mwenye hatia.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Daniel anauliza, Big Bird anauliza, Kami anajua. Tabia aliyopewa ni ya mtoto mchangamfu, mwenye afya, mwenye majibu. Wenzake wanapoogopa kucheza naye, yeye na marafiki zake ndio wanaofundisha kwamba kushikana mikono hakuambukizi. Mwaka 2003 UNICEF ilimfanya balozi wa watoto wote ulimwenguni, na kazi ya balozi ni kusema alilotumwa. Ndipo ile dharau ya wahakiki inaporudi kudai haki yake: je, huyu si kikaragosi cha ujumbe, kwa maana mbaya kabisa ya neno? Mtoto aliyezaliwa na virusi asipate dawa, uwezekano wake wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili ni karibu nusu kwa nusu. Dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa katika hospitali za umma za Afrika Kusini mwaka 2004. Katika miaka miwili ya mwanzo, basi, Kami mwenye afya njema aliwatazama kupitia kioo watoto ambao baadhi yao wasingefika umri wake. Swali ambalo Daniel angeliuliza bila kupepesa, yaani "Na wewe je, Kami?", halina mahali pa kukaa katika umbo la mhusika aliyetungwa hivyo.

Hiyo ni hukumu ya mwenye kusoma maneno. Lakini kikaragosi si maneno tu, na pengine uhakiki uliozoea vitabu umemtazama Kami mahali pasipo pake. Zingatia vitu. Kami analo sanduku la kumbukumbu, lenye vitu vya kumkumbusha mama yake. Wazo la kumwachia mtoto kumbukumbu za namna hiyo lina historia ya karibu: katika miaka ya 1990 wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao, wakiandika majina ya babu na nyanya, mtoto alivyozaliwa, alichopenda kula, ili siku watakapokuwa hawapo mtoto asibaki bila nasaba. Kazi hiyo ilienea nchi nyingine, na huko kusini masanduku yakatumika pia. Anapolifungua sanduku lake, Kami hana jibu la kutoa. Anacho kitu cha kushika. Ni ile picha ya Bwana Hooper tena, isipokuwa mara hii picha imetengenezwa kabla, na yule anayeondoka.

Zingatia mwili pia. Ugonjwa huu, katika miaka ile, ulikuwa ugonjwa wa kuogopa kugusa. Vikombe vilitengwa, vitanda vilitengwa, maiti zilizikwa kwa haraka. Na kikaragosi cha manyoya kimeumbwa ili kiguswe. Mtoto akikiona tu hunyoosha mkono. Watoto wa kweli wanapomkumbatia Kami mbele ya kamera, hakuna mafunzo yanayotamkwa, na mtazamaji wa miaka minne hana habari za njia za maambukizi. Anaona mikono midogo ikizama ndani ya manyoya ya manjano na haitoki haraka. Daniel na Big Bird waliuliza kwa midomo swali ambalo wakubwa walilikwepa. Kami hakuuliza kwa mdomo. Swali lake lilikuwa kuwapo kwake, akiwa karibu kiasi cha kufikiwa na mkono, na aliyelijibu ni yule aliyemkumbatia au aliyerudi nyuma.

Ndani ya manyoya hayo, kama ndani ya Daniel na ndani ya ndege, muna mkono wa mtu, wenye joto. Rogers alifariki Februari 2003, na Spinney Desemba 2019. Big Bird alikuwa amekwisha kurithiwa na mchezeshaji mwingine, na hakuzidi miaka sita. Watoto waliokuwa na umri wa Kami alipotokea mara ya kwanza mwaka 2002, wale waliofika, walitimiza miaka 18 mwaka 2015. Kami alikuwa bado na miaka mitano.